Gari Kugonga Nyuma: Ijue Sauti Kwanza, Spea Baadaye

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye gari yake inagonga huku nyuma na tayari ameshaanza kuambiwa nunua hiki, badilisha kile. Mimi nimepita humo. Imenila pesa, imenila wikiendi, na kuliko vyote imenila amani, maana ukiwa unaendesha na unasikia kitu kinagonga chini ya kiti walichokalia watoto huwezi kusikiliza redio wala mazungumzo, masikio yote yako kule nyuma. Na mwishowe kilichokuwa kinagonga kilikuwa kidude cha bei ndogo kuliko vyote nilivyobadilishiwa, halafu juu yake kulikuwa na sauti ya pili iliyozaliwa na ile kazi ya kutafuta ya kwanza. Zote mbili nitazieleza, maana hiyo ya pili ndiyo inayowazungusha watu wengi gereji hadi gereji.

Ilianza kidogo kidogo. Natoka kwenye lami naingia barabara ya vumbi, tairi ya nyuma kulia inadondoka kwenye kishimo, nasikia "ko!" moja, kavu, kama mtu kagonga mlango kwa kifundo cha kidole. Kwenye lami safi kimya. Spidi kubwa kimya. Ukipita pale pale tena unaweza usiisikie. Hiyo ndiyo tabu ya kwanza ya hizi sauti, ukiwa peke yako inagonga, ukimpandisha fundi gari inatulia kabisa unaonekana unatunga. Ndiyo maana siku za mwanzo mwanzo nilichukua simu nikairekodi, nikamwomba mdogo wangu akae kiti cha nyuma ashike simu karibu na sakafu mimi naendesha taratibu. Ile rekodi baadaye ilikuja kuniokoa sana, shikeni hapo.

Gereji ya kwanza fundi alizunguka nyuma akakandamiza kwa mikono miwili akaachia, gari ikapanda ikashuka ikapanda tena. Akaniambia "Boss, shokapu hizi zimeisha, hapa hakuna mjadala." Akalala chini akanionyesha shokapu ya kulia imelowa mafuta mpaka chini, vumbi limegandia juu yake kama tope. Na kweli ilikuwa imeisha, sibishi. Jasho kidogo la mafuta karibu na sili ya juu ni kawaida, lakini ikishaanza kutiririka hivyo shokapu hiyo ni ya kutoa. Zikabadilishwa zote mbili za nyuma, na hilo nalo ni sawa kabisa, shokapu hubadilishwa kwa jozi, ukiweka mpya upande mmoja na ya zamani upande mwingine gari haitakaa sawa kwenye breki wala kwenye kona.

Ila kuna kitu hapo nataka mkielewe vizuri maana watu wengi wanachanganya. Kile kipimo cha kukandamiza gari kinakwambia kama shokapu inatuliza springi au haitulizi, basi. Hakikwambii kinachogonga ni nini. Shokapu inaweza kuwa imekufa kabisa, gari inadunda kila tuta, na isitoe sauti hata kidogo. Na inaweza kuwa kavu, haina tone la mafuta kwa nje, kumbe ndani ya silinda kuna kitu kimelegea na inagonga. Kwa hiyo fundi alikuwa sahihi kwamba shokapu zimeisha, lakini swali nililompelekea lilikuwa lingine na halikujibiwa.

Nikaondoka pale na gari imetulia kwelikweli, matuta inapanda na kushuka kistaarabu, nikashukuru Mungu. Nilipofika tu kwenye vumbi, ko! Ile ile. Na safari hii kuna kitu kingine kimeongezeka, kwenye vile vikokoto vidogo vidogo na barabara yenye mikunjo nasikia "kokokoko" ya haraka haraka, nyepesi, ya juu kidogo. Nilivyorudi nyumbani nikasikiliza ile rekodi ya zamani, kokokoko haimo. Nikarudia tena na tena, haimo. Kwa hiyo sasa nina sauti mbili, moja nimeenda nayo gereji na nyingine nimetoka nayo gereji.

Nikirudi kulalamika naambiwa spea mpya huwa zinahitaji kuzoea. Gereji nyingine wakasema ni springi. Kwingine wakasema bushi zote za nyuma, zile raba za kwenye viungo, na ami zenyewe ikibidi, yaani vyuma vinavyoshikilia gurudumu, wakaniandikia orodha ndefu mpaka nikahisi kizunguzungu. Kila mmoja anaongea kwa uhakika na hakuna hata mmoja aliyeendesha ile gari. Nikarudi nayo nyumbani bila kununua kitu, nimechoka, na kwa kweli nilianza kufikiria kuiuza hivyo hivyo, lakini nikawaza atakayeinunua naye ana watoto wake.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi wa siku nyingi, hata gari hakuigusa. Nikaanza kumwelezea, mzee nimeambiwa ni springi, wengine wanasema bushi, akanikatisha. "Mwanangu, usiniambie nini kibovu. Niambie inagonga lini." Nikasema kwenye barabara mbovu. Akasema kila gari inagonga kwenye barabara mbovu, nenda ukaitafute, ukiweza kuifanya igonge unapotaka na kuifanya inyamaze unapotaka, utakuwa umeshaipata, na mpaka hapo usitoe hela ya spea. Nimeyaandika maneno yake hapa kwa sababu kila kitu kilichofuata kimetoka hapo.

Nikaanza na buti. Nikatoa kila kitu, tairi ya spea, jeki, spana, mpaka ile sakafu ya kapeti. Msidharau hii, jeki iliyolegea kwenye kibano chake inatoa sauti ambayo ungeapa ni chuma cha chini. Viti vya nyuma vile vinavyolala navyo vina kitasa chake, kikilegea kinagonga kila tairi ikigusa shimo, unakijua kwa kukaa kwenye kiti ukaegemea kwa nguvu wakati mwenzio anaendesha. Mlango wa buti una raba zinazoukaza ukifungwa, zikiliwa mlango wenyewe unagonga kwenye kitasa chake. Ekzosi, ikiwa imepoa, ishike uitikise kwa mkono, uone kama kuna raba ya kuning'inizia imekatika na bomba linagusa bodi. Na tanki la mafuta, gari nyingine likiwa nusu mafuta yanapiga ukuta wa tanki ukisimama, unasikia "dum" nzito huku nyuma, ukijaza tanki inapotea. Kwangu vyote hivyo vilikuwa salama, lakini ni saa chache tu za kazi na havikunigharimu kitu, na vinakutoa hofu kwa sababu unajua sasa ni kitu cha miguu ya gari kweli.

Breki nayo nikaipima. Unapita mahali ambapo una uhakika inagonga, taratibu, huku umekanyaga breki kidogo tu gari isisimame. Sauti ikifa au ikibadilika ghafla, nenda kaangalie pedi na kalipa (kile chuma kinachozibana pedi) kabla ya kitu kingine chochote, maana pedi iliyolegea kwenye nafasi yake au pini za kalipa zilizolika zinagonga hivyo hivyo kama bushi, na breki ikizibana zinanyamaza. Kwangu haikubadilika.

Halafu ukanyagaji wa mafuta. Gari ikiwa inatembea unakanyaga unaachia, unakanyaga unaachia, na ukiwa umesimama unatoa D unaweka R huku umeshika breki. Kama "ko" inakuja hapo, barabara ikiwa safi, basi angalia mauntingi za difu (vishikizo vya lile boksi la gia lililo kati ya magurudumu), viungo vya propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini nyuma) kwa gari zinazosukumwa na matairi ya nyuma, au bushi za zile ami ndefu zinazozuia gurudumu lisiende mbele na nyuma. Hizo ami ndefu bushi zake zikichanika utazijua pia kwa gari kuwa kama inajipinda nyuma unapofunga breki, na tairi kuliwa upande mmoja. Kwangu hapo nako kimya. Na mvumo unaopanda kadiri spidi inavyopanda ni habari ya beringi au ya tairi zenyewe, msichanganye na kugonga.

Sasa hii ndiyo iliyofungua mlango wote. Tafuta tuta refu lililonyooka, lipite taratibu, tairi zote mbili za nyuma zipande kwa pamoja na zishuke kwa pamoja. Kisha tafuta mahali ambapo tairi moja tu inapanda, ukingo wa shimo, kona ya tuta, au pita tuta kwa kulikata mshazari. Nilivyopita moja kwa moja, "ko" hamna. Nilivyokata mshazari, ko! Tena, ko! Nikarudi nikafanya tena na tena mpaka aliyekuwa nyuma akasema imetosha. Lakini ile kokokoko ndogo ilikuwepo kote kote, iwe tairi moja iwe mbili, ilimradi barabara ina vikokoto.

Maana yake ni hii. Kuna chuma kinaitwa stebilaiza, kinapita kutoka gurudumu moja la nyuma kwenda la pili, kazi yake ni kuzuia gari isilale sana upande mmoja kwenye kona. Tairi zote mbili zikipanda kwa pamoja kile chuma kinazunguka tu ndani ya raba zake, hakijipindi, hakivuti kitu. Tairi moja ikipanda peke yake kinajipinda, na kinachokipinda ni linki, kile chuma kifupi chenye vijoint vidogo vilivyofunikwa kwa mpira kila mwisho kinachokiunganisha na ami. Linki ikiwa imelika, hapo ndipo inapogonga. Springi iliyovunjika au shokapu mbovu haichagui hivyo, nayo ingegonga hata tairi zikipanda pamoja. Kwa tuta moja tu nilikuwa nimeondoa zaidi ya nusu ya ile orodha niliyoandikiwa.

Kabla ya kwenda chini ya gari niseme jambo moja kwa msisitizo, na naomba msilipite haraka. Gari nyingi handbreki inakamata matairi ya nyuma. Ukishayanyanyua ya nyuma juu, handbreki haishiki kitu tena, gari inaweza kubingirika mbele ikatoka kwenye jeki. Weka kabari nzito kwenye tairi za mbele, mbele na nyuma yake, gari iwe kwenye sakafu ngumu tambarare. Jeki ni ya kunyanyulia tu, ukishanyanyua weka stendi pale penye pointi za kunyanyulia, ishushe ikae juu ya stendi, itikise kwa nguvu ukiwa umesimama nje, ndipo uingize kichwa. Matofali yanapasuka bila kutoa taarifa, msiyatumie. Kama huna stendi, lipia gereji wakunyanyulie kwa lifti, mwambie fundi unataka kuangalia tu, wengi hawana shida.

Na hapa kuna siri nyingine iliyonifanya nielewe kwa nini linki zangu zilishaangaliwa na kuambiwa nzima. Ukinyanyua upande mmoja tu, lile gurudumu linaning'inia na la pili liko chini, stebilaiza inakuwa imejipinda na linki imevutwa ikakaza. Ukiitikisa haichezi, unasema nzima. Nyanyua pande zote mbili magurudumu yaning'inie sawa, linki inalegea, ndipo uchezaji unaonekana. Nilishika linki ya kulia nikaweka kidole kwenye kile kijoint cha chini, mkono mwingine unatikisa stebilaiza juu chini, nikahisi "tik" kwenye ncha ya kidole kabla hata sijaisikia. Ya kushoto hamna kitu. Nikaingiza simu kwa nyuma yake, upande unaotazama bodi ambapo jicho halifiki, nikapiga picha, nikaona mpira una mchaniko mwembamba kama uzi, na grisi iliyotoka pale imechanganyika na mchanga imekuwa rangi ya kahawa. Kwa mbele ile linki ilikuwa inapendeza, safi, mtu yeyote angeiacha.

Sikununua bado. Nikafungua linki zote mbili, ya kulia na ya kushoto, nikazifunga pembeni kwa waya zisigonge, nikazunguka mtaani taratibu sana. Bila linki gari inalala zaidi kwenye kona kwa hiyo hii ni ya mwendo wa pole na safari fupi tu, usiingie barabara kuu nayo. Nikapita pale pale kwa mshazari. "Ko" imekufa. Nikarudisha linki, ko imerudi. Jamani ile furaha siwezi kuieleza, baada ya muda wote ule wa kubahatisha naiwasha na kuizima mwenyewe.

Nikanunua linki mbili, nikabadilisha zote. Zinafungwa kwa nati lakini kile kiskrubu cha joint kinazunguka pamoja na nati, kwa hiyo lazima ukizuie kwa alenki (spana ya pembe sita) kwenye ncha yake au kwa spana nyembamba kwa nyuma kutegemeana na ilivyotengenezwa, ukilazimisha bila kukizuia unachana mpira mpya siku hiyo hiyo. Nati za zamani zikiwa na kutu zipulizie mafuta ya kulainisha jana yake, siyo dakika mbili kabla.

Ikabaki kokokoko. Hii ilikuwepo barabara ya vikokoto, tairi mbili au moja haijali, na haikuwepo kwenye rekodi ya kwanza, kwa hiyo ilikuja na ile kazi ya shokapu. Nikaanza na vitu vilivyofunguliwa siku ile. Kwa chini, boliti ya shokapu, imekaza. Kwa juu, kwenye gari yangu shokapu inaishia ndani ya buti, kuna kifuniko cha plastiki pembeni, unakitoa unaona nati ya katikati juu ya raba. Nikamwomba mdogo wangu aikandamize gari kona ile kwa mipigo mifupi ya haraka, siyo kuidundisha, mimi niko ndani ya buti nimeweka kiganja juu ya ile nati. Nikahisi inapiga kwenye kiganja, kidogo sana, chini yake kuna washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu, na kuizunguka washa kuna duara la chuma kinachong'aa kama kimepigwa msasa, na unga mwekundu wa kutu umetawanyika pembeni. Mkiona chuma kinang'aa mahali ambapo pangetakiwa pawe na vumbi au rangi, hapo kuna vitu viwili vinasuguana au vinagongana, hiyo ni alama ya kuaminika kuliko maneno ya mtu yeyote.

Nilipoweka spana ile nati ilionekana imekaza kabisa. Lakini kumbe ilikuwa inazunguka pamoja na rodi ya shokapu, ukizungusha unahisi uzito, unadhani inakaza, kumbe rodi nzima inazunguka na nati haijashuka mpaka kwenye kikomo chake. Unatakiwa uizuie rodi kwa juu, ina sehemu ya kushikia kwa alenki au kwa spana ndogo, ndipo uzungushe nati. Nilivyoizuia ikaenda mizunguko kadhaa ikafika. Upande wa kushoto nao ulikuwa na nafasi kidogo. Hakuna spea iliyonunuliwa hapo. Kama ningekuwa nimezifuata zile orodha, ningeweka springi mpya na bushi mpya na bado ingegonga, kwa sababu hakuna mtu angeigusa ile nati tena.

Kwa hiyo kama umetoka kubadilishiwa shokapu na inagonga, anza pale juu. Na kama sauti imebadilika hata kidogo baada ya kazi, usikubali kuambiwa ni ile ile ya zamani.

Nilivyokuwa chini nilikuta na jambo lingine ambalo lingekuja kunitesa baadaye. Boliti ya chini ya shokapu inapita kwenye bushi ya raba. Bushi za namna hii, za shokapu na za ami, raba yake imeshikana na bomba dogo la chuma katikati, na ukikaza boliti unalibana lile bomba lisizunguke tena, gari ikipanda na kushuka raba ndiyo inayojipinda. Sasa ukikaza wakati gurudumu linaning'inia, umeifunga raba katika hali ya kuning'inia, ukishusha gari chini inajipinda na inabaki imejipinda masaa yote hata gari ikiwa imeegeshwa, inachanika mapema sana na unarudi kwenye kugonga. Boliti za bushi zinashikizwa tu gari ikiwa juu, halafu zinakazwa gari ikiwa imekaa na uzito wake, iwe kwenye shimo la gereji, iwe lifti ya kuendeshea juu, au unanyanyua ami kwa jeki mpaka gari inaanza kuacha stendi. Muulize fundi wako kabla hajaanza, "utazikaza gari ikiwa juu au chini?" Jibu lake litakusaidia kuamua kama umwachie kazi. Na usipake grisi wala oili kwenye bushi za raba ili zinyamaze, mafuta yanaivimbisha raba ya kawaida na kuilainisha vibaya.

Bushi zenyewe unazipima kwa mtaimbo mdogo, unauingiza kati ya ami na mahali ilipofungwa, unasukuma kwa kiasi. Raba kuvutika kidogo ni kazi yake. Ukiona imeachana na chuma, au ufa umeingia ndani unaufuata kwa macho, au chuma kinagusa chuma, hiyo imeisha. Vinyufa vya juu juu kwenye raba ya zamani siyo sababu ya kubadilisha peke yake, na hapo ndipo wengi wanalipishwa bure. Ukibadilisha ami au bushi zake peleka gari wilo alaimenti (kunyoosha magurudumu), la sivyo utalipa tena kwa tairi.

Upande wa pesa niseme wazi. Shokapu hazikuwa hasara, zilikuwa zimeisha. Kilichoniuma ni ufundi niliolipa kwa kufunguliwa na kufungwa, na siku nilizokaa bila gari. Linki zote mbili zilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya shokapu, na kukaza nati ni bure.

Kuna kugonga ambako hutakiwi kufanya uchunguzi wa siku kadhaa kama mimi. Gari ikiwa imelala upande mmoja nyuma kuliko mwingine, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi pande zote mbili, tofauti kubwa angalia springi, mara nyingi inakatika kule mwisho wa chini ambapo imekalia kikombe chake na kipande kikitoka kinaweza kuichana tairi. Kama inagonga kwa kufuata mzunguko wa gurudumu na inaongezeka haraka, simama hapo hapo ukaze nati za gurudumu, hasa kama tairi imetolewa siku za karibuni. Gurudumu likiwa juu ukilishika juu na chini ukalitikisa likacheza waziwazi, au nyuma ya gari inatangatanga ukifunga breki, hiyo haiendeshwi, ivutwe.

Kama huna muda wala nafasi ya kulala chini ya gari, basi angalau mwandikie fundi ujumbe kabla hujampelekea, uwe hivi: inagonga nyuma kulia, mwendo mdogo, tairi moja ikipanda peke yake, tairi mbili zikipanda pamoja haigongi, breki haibadilishi kitu, buti tupu, ilianza kabla ya shokapu kubadilishwa au baada. Mtumie na rekodi. Halafu mwombe apande muendeshe wote kabla hajafungua nati hata moja, na wewe ndiye uchague barabara.